Kupima ukuaji wa kitako cha fuvu la mtoto kwa CT na MRI

Mtoto akishavuka miaka ya mwanzo ya ukuaji wa kasi, mstari unaotoka katikati ya kishimo cha tezi ya pituitari hadi mzizi wa pua huongezeka kwa milimita 1 hivi kwa mwaka, na mara nyingi pungufu ya hapo. Mpimaji naye, akiweka alama ileile siku mbili tofauti, huteleza nusu milimita bila kujijua. Hapo ndipo penye shughuli. Anayelinganisha picha mbili zilizoachana miezi 6 anaweza kupima utelezi wa mkono wake mwenyewe akauandika kuwa ni ukuaji. Kwa hiyo humu tutakaa na makosa zaidi kuliko na rula.

Maelezo haya ni ya wapiga picha, madaktari wa watoto, wa meno na wa upasuaji wa kichwa, pamoja na wanafunzi wao hapa Mombasa, ambao tayari wanasoma picha lakini hawajawahi kutakiwa watoe namba inayoweza kutetewa.

Panapokua na panapotulia

Kitako cha fuvu ndiyo sakafu iliyokaliwa na ubongo. Katikati yake, kutoka mbele kwenda nyuma, pana mfupa wa ethmoidi, wa sfenoidi, kisha sehemu ya mbele ya mfupa wa kisogo. Baina yao pana mabamba ya gegedu yaitwayo sinkondrosisi, na humo ndimo urefu unamozaliwa. Lile la ndani ya sfenoidi yenyewe huziba karibu na siku za kuzaliwa. Lile la sfenoidi na ethmoidi huacha kazi mtoto akiwa na miaka 6 au 7 hivi. La sfenoidi na kisogo ndilo la mwisho: hubaki wazi mpaka balehe, na wasichana huwatangulia wavulana kwa kiasi cha miaka 2.

Tokeo lake ni kwamba kitako cha mbele na cha nyuma havina saa moja. Cha mbele kinafuata ubongo, na ubongo wa mtoto wa miaka 6 au 7 umeshakaribia ukubwa wa mtu mzima. Cha nyuma kinaendelea kurefuka pamoja na uso na mwili. Ukitoa namba moja ya «urefu wa kitako cha fuvu» umechanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Pima mbele na nyuma mbalimbali, kisha pembe baina yake.

Picha inayopimika na isiyopimika

La kwanza kabisa: mtoto hapigwi CT ili apimwe ukuaji tu. Unatumia picha iliyopigwa kwa sababu ya tiba, kama vile kuanguka kutoka mwembeni, mishono ya fuvu iliyoziba mapema, au maandalizi ya upasuaji. Mtoto anayehitaji kufuatiliwa mara kwa mara, mathalani mwenye akondroplasia (ufupi wa kuzaliwa nao) ambaye tundu kuu la fuvu lake, lile la chini linalopitisha uti wa mgongo, ni jembamba, apelekwe MRI, kwa kuwa haina mionzi. CT ibaki kwa swali ambalo mfupa peke yake ndio unaoweza kulijibu.

CT ikishaamuliwa, mweleze mpiga picha unachotaka kabla mtoto hajapanda mezani. Mambo manne ndiyo yanayoharibu vipimo, na yote huamuliwa wakati huo.

Unene wa vipande usizidi milimita 1, na uwe wa kichujio cha mfupa. Kwenye vipande vya milimita 5, ambavyo ndivyo vinavyotosha kutafuta damu kichwani, ncha ya mfupa ikiangukia katikati ya kipande unaweza kuikosa kwa milimita 2 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya ukuaji wa mwaka mzima. Idara nyingi huhifadhi vipande vinene kwenye kumbukumbu ya kudumu, na data ghafi hufutika baada ya siku chache ili kutoa nafasi. Vipande vyembamba viombwe siku hiyohiyo, maana ukirudi wiki ya pili huvikuti.

Pete la mashine lisiinamishwe. Zamani kichwa kilipigwa kwa kuinamisha pete ili kuyakwepa macho, na bado zipo taratibu zilizowekwa hivyo kwenye kompyuta ya mashine. Programu isiyorekebisha mwinamo huo hujenga fuvu lililolala upande kama boksi lililosukumwa juu: urefu unabadilika, pembe inabadilika, na picha bado inapendeza machoni. Angalia kwenye taarifa za DICOM, yaani faili asilia ya picha ya hospitali, alama (0018,1120). Isome 0.

Eneo lipigwe kuanzia chini ya pingili ya kwanza ya shingo mpaka juu ya paji. Picha ya kawaida ya kichwa mara nyingi huanzia kwenye tundu kuu lenyewe, na basioni, ukingo wa mbele wa tundu hilo na alama tunayoihitaji mno, inakatwa nusu.

Uwanja wa picha uwe mdogo kadiri kichwa kinavyoruhusu. Milimita 200 zikigawanywa kwa pikseli 512 unapata pikseli ya milimita 0.39, milimita 250 hukupa 0.49.

Kiwango cha mionzi kishushwe kwa kufuata umri na uzito wa mtoto. Mfupa unajitenga wazi na nyama, hivyo picha yenye chenga kidogo inapimika vizuri tu. Usiongeze mionzi kwa ajili ya uzuri wa picha.

Kwa MRI, omba T1 (aina ya picha ya MRI ambamo mafuta hung'aa) ya pande tatu yenye vokseli, yaani chembe za picha, za milimita 1 kila upande, na urekebishaji wa upotovu wa jiometri uwashwe. Gamba gumu la mfupa huonekana jeusi, na kinachong'aa ni uboho uliomo ndani. Hapo pana mtego: uboho wa mtoto mchanga ni mwekundu na haung'ai kwenye T1, kisha mwaka hadi mwaka unageuka mafuta na kung'aa. Mpaka unaouona kwa mtoto wa mwaka 1 na ule unaouona akiwa na miaka 8 si mpaka wa aina moja. Weka alama kwenye ukingo wa nje wa gamba jeusi kila mara, usifuate mng'ao. Na usiichanganye CT na MRI katika mfululizo mmoja wa mtoto mmoja. Tofauti ya mashine itasomeka kama ukuaji, au kama mtoto amepungua kichwa.

Eksirei ya upande ya madaktari wa meno ingali na kazi yake, hasa kwa pembe. Urefu wake lakini hukuzwa. Chanzo kikiwa sentimita 150 kutoka katikati ya kichwa na filamu sentimita 15 nyuma yake, picha imekuzwa mara 165/150, yaani 1.10: mstari wa milimita 65 utausoma 71.5. Bila kuujua ukuzaji wa mashine husika, usitoe milimita.

Halafu kuna picha za WhatsApp. Mzazi analeta simu, au daktari mwenzio anakutumia picha ya skrini akiomba «nipimie hapo haraka». Ile si DICOM tena. Saizi ya pikseli haimo, na huenda picha imekuzwa au kubanwa njiani. Haipimiki. Hali kadhalika filamu iliyochapwa na kukaa chini ya godoro miaka mitatu. Mwombe mzazi CD, au uandikie idara iliyopiga picha ikutumie faili zenyewe.

Kuhusu mashine: piga rula ya plastiki iliyolazwa mezani kwa mpangilio uleule unaotumia kwa watoto, pima milimita 100 kwenye skrini, na kama jibu limekosea kwa zaidi ya milimita 1 simamisha kazi umwite fundi. Irudie kila baada ya miezi mitatu na kila mashine inapofanyiwa matengenezo. Kwa joto na unyevu wa Pwani, kipozahewa cha chumba kikizimika au umeme ukikatika, mashine ipashwe na isawazishwe upya kabla ya mtoto anayefuata. Duara za uongo zinazotokea usipofanya hivyo hupenda kukaa katikati ya picha, na katikati ndipo ilipo sela, kile kishimo cha tezi ya pituitari.

Mtoto mezani

Kichwa kikisogea, hakuna programu itakayokirudisha. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mara nyingi hahitaji dawa ya usingizi: mama amnyonyeshe ashibe, afungwe vizuri kwa leso, apigwe akiwa amelala. Kwa hiyo miadi yake ipangwe kwa saa ya kunyonya, si kwa saa ya ofisi. Mama anayetoka Likoni huenda akachelewa feri. Mtoto akifika amelia njia nzima, mpe nusu saa.

Ondoa kila cha chuma kichwani na shingoni: hereni, vibanio, pini za ushungi, shanga za nywele zenye uzi wa waya. Hirizi nayo, hasa ya kasha la fedha, hutupa michirizi juu ya basioni. Usiikate wala usiivue wewe. Maneno yanayofanya kazi ni haya: «Mamangu, mvue mwenyewe hiyo, ishike mkononi, tukimaliza utamvika.» Kwa MRI, wanja uoshwe kwa maji na pamba, kwani baadhi ya wanja una madini yanayoharibu picha ya macho na mzizi wa pua.

Mtoto wa miaka 4 na kuendelea anaelewa akiambiwa jambo moja tu: «Tuliza kichwa kama uko kwa kinyozi.» Sekunde chache za CT ataziweza. Dakika 5 za MRI ni habari nyingine; hapo anza na mfuatano wa kupimia, visivyo vya lazima vifuate akiwa ameshachoka.

Kukiweka kichwa sawa kwenye skrini

Programu ya bure ya 3D Slicer inatosha kwa kazi yote hii ya utafiti. Ripoti ya tiba itoke kwenye mfumo ulioidhinishwa wa hospitali. Ingiza folda nzima ya DICOM, usiburute faili moja moja. Kisha fungua sehemu ya programu iitwayo Volumes usome nafasi ya vokseli. Ukiona namba ya tatu ni 5, rudi nyuma. Umepakia vipande vinene.

Dirisha, yaani mpangilio wa weusi na weupe wa picha, liwe moja kwa watoto wote: upana 2000, kitovu 500. Ukilibadilisha kwa kufuata jicho, ukingo wa mfupa unanenepa au kukonda, na alama inahama nao.

Urefu na pembe za pande tatu havijali kichwa kimeelekea wapi. Alama ndizo zinazojali, kwa sababu nyingi zimefafanuliwa kwa maneno kama «ya mbele kabisa» na «ya chini kabisa», na chini ya kichwa kilichopinda si chini ya kichwa kilichonyooka. Zungusha kwanza kwenye Transforms, mpaka bapa la katikati lipite kwenye kile kimfupa kilichosimama kama kilemba cha jogoo (jina lake la Kilatini lina maana hiyohiyo), katikati ya sela, na katikati ya tundu kuu. Kisha ulaze kwa bapa la Frankfurt, lile lililokubaliwa mwaka 1884: ukingo wa juu wa tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho viwe usawa mmoja. Kwa mtoto mchanga tundu la sikio halijawa mfupa kamili, hivyo usawa huo ni wa kukisia. Andika kwamba umekisia.

Mtoto mwenye fuvu lililopinda hana bapa la katikati linalopita kote. Usilazimishe. Mwekee alama za pande tatu bila kulitegemea bapa, na pima kulia na kushoto kila upande peke yake.

Alama zenyewe

*Nasioni (N).* Pale mshono wa mfupa wa paji na mifupa ya pua unapokutana na bapa la katikati, sehemu ya mbele kabisa. Kwa mchanga mshono ni mpana wa milimita kadhaa, na hapo watu wawili huachana. Chagua ukingo wa mfupa wa paji, kwa watoto wote, siku zote.

*Sela (S).* Haiguswi mfupa. Ni kitovu cha shimo. Vuta mstari wa mdomo wa shimo, kutoka kinundu cha mbele hadi ncha ya ukuta wa nyuma. Tafuta sehemu ya kina zaidi. Alama ni katikati ya kina na katikati ya upana. Ibofye kwenye bapa la katikati, kisha uthibitishe kwenye kipande cha kulala kwamba haikuegemea upande. Hii ndiyo alama inayostahili subira kuliko zote, kwa kuwa imo katika mstari wa mbele, wa nyuma na pembe. Kwa mistari ya milimita 65 na 40, S ikishuka milimita 1 pembe inapotoka kwa nyuzi 2 hivi, hata kama N na Ba ziko sawasawa.

*Basioni (Ba).* Ncha ya chini kabisa ya klivasi (mteremko wa mfupa kutoka sela hadi tundu kuu), ukingo wa mbele wa tundu kuu. Kosa la kwanza ni kuichanganya na ncha ya jino la pingili ya pili, ambayo kwa watoto ina kimfupa chake kidogo kilichojitenga. Kosa la pili ni kutoka katikati: sogeza vipande vitatu kulia na vitatu kushoto, na ukiona kondili za kisogo (vinundu vya pembeni vinavyokalia shingo) zinajaa, umeshapotea.

*Opisthioni (O).* Ukingo wa nyuma wa tundu kuu, katikati. Kwa mtoto wa wiki za mwanzo huenda ukakuta kimfupa cha ziada hapo. Usikihesabu kuwa ukingo.

*Tundu pofu (TP).* Kishimo kidogo mbele ya kilemba cha jogoo. Ni alama bora kuliko nasioni kwa kitako cha mbele, kwa sababu nasioni husukumwa mbele na mfupa wa paji unaonenepa na sainasi inayofunguka, ilhali sakafu ya ubongo nyuma yake imeshatulia. Anayeona S–N imerefuka kati ya miaka 9 na 14 kwa kawaida ameona paji la uso likikua. Chini ya miaka 2 lakini TP haitumiki kwenye CT: eneo hilo bado ni gegedu na linaonekana kama pengo. Pengo hilo si ufa wala henia ya ubongo, ingawa limeshawahi kuandikwa hivyo kwenye ripoti nyingi za watoto wachanga.

Upana wa tundu kuu upimwe kwenye bapa lililoinamishwa lipite Ba na O, si kwenye kipande cha kawaida cha kulala. Eneo lake kwa kadirio la duaradufu ni urefu × upana × 0.785, tundu la 34 kwa 28 linakupa milimita mraba 747. Mtu mzima huwa na takriban 35 kwa 30.

Mwisho, sinkondrosisi ya sfenoidi na kisogo. Isome kwenye bapa la katikati, wala usiipe milimita peke yake; ipe hatua. Njia iliyozoeleka ina hatua 5: wazi kote; imeshikana ukingo wa juu, upande wa ubongo; imeshikana nusu; imeshikana kote lakini kovu linaonekana; haionekani tena. Inaanzia juu daima. Ukiona imeziba chini na juu kuko wazi, kichwa kimepinda au unatazama mshipa, si gegedu. Ikiwa imeziba kwa mtoto mdogo aliye mbali na balehe, mjulishe daktari wake.

Hesabu moja, hatua kwa hatua

Toa alama kwenye sehemu ya Slicer iitwayo Markups kwa faili moja ya jedwali, CSV. Tahadhari: Slicer huonyesha viwianishi kwa mfumo mmoja na huweza kuvihifadhi kwa mwingine, ambapo ishara za namba mbili za kwanza hugeuka. Ndani ya faili moja urefu haubadiliki. Ukinakili alama moja kutoka skrini na nyingine kutoka faili, fuvu litatoka na urefu wa ajabu.

Tuchukue mfano wa kufanyia mazoezi. N ni (2.1, 86.8, 20.4), S ni (1.4, 22.3, 12.5), Ba ni (0.9, 0.5, −21.0).

Kutoka S hadi N tofauti ni 0.7, 64.5 na 7.9. Zipigie kipeo cha pili, jumlisha: 4223.15. Kipeuo chake cha pili ni milimita 65.0. Kutoka S hadi Ba tofauti ni −0.5, −21.8 na −33.5; jumla 1597.74, kipeuo milimita 40.0. Kwa pembe, zidisha tofauti zinazolingana uzijumlishe: 0.7 × −0.5, ongeza 64.5 × −21.8, ongeza 7.9 × −33.5, unapata −1671.1. Gawa kwa 64.99 × 39.97. Jibu ni −0.643, na kosini kinyume chake ni nyuzi 130.0.

Fanya mfano huu kwenye lahajedwali lako kabla ya kuingiza mtoto yeyote. Lisipotoa 65.0, 40.0 na 130.0, fomula imekosewa. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba kompyuta hutoa pembe kwa radiani, ikasomeka 2.27.

Kulijua kosa lako

Chagua watoto 20 au zaidi, wapime wote, funga faili, kaa wiki 2, wapime upya bila kutazama namba za kwanza. Mpangilio wa watoto ubadilishwe, majina yafichwe. Wiki moja haitoshi, mkono unakumbuka.

Kwa ufupi wa mfano, chukulia 10 tu, na tofauti za S–N kati ya mara ya kwanza na ya pili ni 0.3, −0.5, 0.2, 0.6, −0.4, 0.1, −0.7, 0.4, 0.3, −0.5. Vipeo vya pili vinajumlisha 1.90. Gawa kwa mara mbili ya idadi ya watoto, 20, unapata 0.095, kipeuo chake cha pili 0.31. Hilo ndilo kosa la Dahlberg kwa mstari huo. Lizidishe kwa 2.77: milimita 0.85. Kwa mkono huu na picha hizi, badiliko lililo chini ya 0.85 kwa mtoto mmoja haliwezi kuitwa ukuaji.

Angalia na wastani wa tofauti wenyewe. Hapa ni −0.02, karibu sifuri, kwa hiyo kosa ni la bahati nasibu. Ungekuwa 0.6 upande mmoja, maana yake kati ya wiki hizo mbili umebadili fikra kuhusu alama ilipo. Kupima mara nyingi hakutaponya hilo; rudi kwenye maelezo ya alama uyaandike upya.

Kila alama ina kosa lake. TP na N zikiwa wazi kosa huwa dogo, S huwa na kosa la juu-chini, na O hutanga kwa mchanga. Wakipima watu wawili, fanyeni zoezi hilohilo baina yenu, na kama kosa la baina yenu ni kubwa kuliko la kila mmoja peke yake, mtoto mmoja apimwe na mtu mmoja tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho.

Picha mbili za mtoto mmoja

Kulinganisha namba peke yake hakukuambii kilichosogea. Weka picha ya pili juu ya ya kwanza kwa kulinganisha ukuta wa mbele wa sela na sakafu ya ethmoidi, maana baada ya miaka 7 hivi sehemu hizo karibu hazisogei. Usilinganishe kwa S yenyewe: katika ujana ukuta wa nyuma wa sela huliwa na shimo hupanuka, kitovu kikarudi nyuma bila kitako kukua. Chini ya miaka 7 hakuna sehemu iliyotulia. Toa namba tu.

Picha moja ikiwa ya kituo kimoja na nyingine ya kituo kingine, jambo la kila siku hapa mjini ambapo mtoto huanzia zahanati ya jirani akamalizia hospitali ya rufaa, linganisha kwanza unene wa vipande. Ukiwa na 0.6 na 1.0, ijenge upya ile ya 0.6 iwe 1.0 kabla ya kupima.

Umri

Utafiti mzuri huharibikia hapa. Soma tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Zikigongana, kadi iliyojazwa siku za mwanzo ndiyo ya kuaminiwa. Andika mwezi kwa herufi, maana 03/04 imeshawaongezea watoto wengi mwezi mzima. Nyanya akikwambia mjukuu alizaliwa Mfungo Sita, tafuta mwaka wa Hijria na uugeuze, usikisie: mwaka huo ni mfupi kwa siku 11 hivi, na mtoto aliyetimiza miaka 10 kwa Hijria ana miaka 9.7 kwa kalenda ya mashine. Aliyezaliwa njiti arekebishiwe umri hadi atimize miaka 2. Kwenye jedwali umri uwe siku zilizogawanywa kwa 365.25, wala si «miaka 6».

Namba za kulinganishia nyingi zilitokana na eksirei za watoto wa Marekani na Ulaya, nyingine zikiwa na ukuzaji ndani yake. Mtoto wa Kisauni mwenye asili ya Kimijikenda, Kihindi au Kiarabu asiitwe mgonjwa kwa sababu ametoka nje ya jedwali hilo kwa milimita 2. Mlinganishe na picha yake mwenyewe ya awali.

Kwa utafiti, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, vipatikane kabla faili hazijatoka kwenye mfumo wa hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamgusa mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Kufuta jina kwenye DICOM hakutoshi: vipande vyembamba vya kichwa hujenga uso unaotambulika. Futa ngozi ya uso pia, ila uwe umeshaweka N kwanza, kwa sababu baadhi ya programu za kufuta uso hukata mpaka mzizi wa pua.

Kila mtoto apate mstari mmoja kwenye jedwali: namba ya siri, jinsia, umri kwa desimali, mashine, unene wa kipande, kichujio, S–N, S–TP, S–Ba, pembe, Ba–O, upana wa tundu, hatua ya sinkondrosisi, aliyepima, tarehe ya kupima. Safu ya mwisho iwe ya maneno: «alisogea», «O haionekani vizuri», «Frankfurt ya kukisia». Kipimo kilichokosekana kiachwe wazi. Usiandike 0, kwa sababu lahajedwali litaijumlisha kwenye wastani.